Msaragambo wa Kishikwambi

Honorata hakuumbwa kutulia. Kwao mlimani husema hata siku ya kubatizwa alimponyoka mchungaji, maji yakamwagikia mbuzi, na mbuzi yule hakuchinjwa mpaka akafa kwa uzee. Alipokuwa msimamizi wa ghala la tangawizi pale Same, nyayo zake zilichimba mfereji kati ya mlango na mizani. Mvua ikinyesha, maji hupita humo.

Wiki ile mfereji ulizidi kina. Bosi wake, Muhidin, alikuja kutoka Mwanga na vishikwambi vipya. Kila anayepima gunia aingie kwenye mfumo kwa jina lake na neno lake la siri, aandike uzito. Akikosea, jina lake linawaka jekundu, na kule Mwanga bosi analiona papo hapo.

"Ijumaa nikikuta mfumo hautumiki," alisema, "ghala linapata msimamizi mwingine."

Basi watu wakagoma bila kusema wamegoma. Mzee Eliaichi, mpimaji mkongwe, alidai vidole vyake vina sugu, kioo hakivisikii. Zaituni, mpimaji mwenzake, alilalamika chaji imeisha, na kishikwambi chenyewe hajakiwasha tangu kifike!

"Zaituni mdogo wangu, mnanifukuzisha kazi," Honorata alimwambia, huku anazunguka mizani.

"Keti kwanza, dada. Unatutia kizunguzungu."

"Nikiketi nitalia. Mnaogopa nini?"

Zaituni akatazama pembeni. "Huo wekundu. Mlimani nikipindisha tuta, tunacheka, tunalinyoosha. Hapa nikikosea peke yangu, nacheka na nani?"

Maneno hayo yalimwasha kama upupu. Alhamisi asubuhi Honorata akainjika makande nje ya ghala, kwenye sufuria kubwa hata mwiko ulizama ukaja kuonekana Jumapili. Akapiga debe kama pembe ya msaragambo, ile inayoita watu kwenye kazi ya pamoja.

"Leo mnanilimia mimi! Shamba langu ni hiki kioo!"

Ehe! Mpare hakatai kumlimia mwenzake, maana na yeye zamu yake itafika. Wakaacha vishikwambi vyao, wakakizunguka cha Honorata, kilichofunguliwa kwa jina lake, kichwa kwa kichwa. Huyu anasoma mizani, yule anabonyeza, wa tatu anamzomea.

"Mzee Eliaichi! Gunia la Mama Naanyu umeliandikia uzito wa tembo!"

"Mwacheni, Mama Naanyu mwaka huu kalima vizuri!"

Wakacheka mpaka tangawizi zikamwagika, kisha wakasahihisha. Makande yalipokwisha, hakuna gunia lililobaki nje ya mfumo.

Ijumaa Muhidin akaingia uso umekunjamana. Honorata alishaanza safari zake za mlangoni na mizani.

"Shikamoo, mzee Eliaichi."

"Marahaba, bosi."

"Huyu Honorata ana mikono mingapi? Jana mizani yote kapima yeye! Kakosea na kujisahihisha mchana kutwa!"

Mzee akajikuna kidevu. "Kwani bosi, watu wakikulimia, shamba linakuwa la nani?"

"La aliyepika makande."

"Sasa?"

Muhidin akaelewa, lakini hakucheka. "Mfumo haujui makande. Nataka kila mtu kwa jina lake."

Honorata akasimama. Moyo ulimdunda hata mizani ikatikisika.

"Utayapata majina. Ila wekundu uishie hapa ghalani mpaka jioni. Tukosoane wenyewe, tucheke, tunyooshe, ndipo Mwanga ione. Ukikataa, mlete huyo msimamizi wako. Kishikwambi atabonyeza peke yake."

Muhidin akakitazama kishikwambi, akamtazama Zaituni aliyekuwa tayari amewasha cha kwake.

"Mpaka jioni," akasema. "Haya. Fanyeni."

Zaituni akaandika jina lake. Gunia la kwanza, jina likawaka jekundu. Ghala zima likaangua kicheko, naye akacheka kuwashinda.

Muhidin akamsogezea Honorata kiti. "Kaa basi, msimamizi."

Akakaa. Lakini waliokuwepo wanaapa mpaka leo: kiti kile chenyewe kilianza kutembea kuelekea mlangoni.