Mawe Kwenye Koti la Tobia

"Uzito ni wa magunia. Ngumi haina mizani. Mleteni huyo Winchi, na akinilaza nisiinuke, hata mbwa wangu asinisalimie."

Tobia aliyasema hayo mbele ya soko la Lushoto, Jumapili, watu wametoka ibadani na vitabu vya nyimbo bado viko kwapani. Hakuwa na mbwa. Lakini nani angemkumbusha mtu jambo dogo kama hilo, wakati mlima mzima ulikuwa unatafuta mwanaume na haumpati?

Nikodemo alimsikia akiwa mlangoni pa ghala la ushirika wa mboga. Moyo ukamdunda mara mbili, mara moja kwa fahari na mara moja kwa hofu, asijue ipi imetangulia. Tobia alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake Raheli.

Mambo yalianza hivi. Ulikuwa mwaka wa sitini na saba, miezi michache tangu Azimio la Arusha, na kamati ya sherehe za Saba Saba ikaona kwamba kwaya, ngoma na mbio za magunia hazitoshi. Safari hii lazima kuwe na ngumi. Wakamwalika Issa, mpakiaji mizigo wa stesheni ya Mombo, aliyeitwa Winchi kwa sababu alinyanyua peke yake vitu ambavyo wenzake walivinyanyua wanne, tena kwa kuimba. Angepigana na kijana mmoja wa Vuga, hukuhuku milimani. Siku sita kabla ya sherehe kijana wa Vuga akatuma salamu kwamba jino linamuuma. Watu wakasema ana akili, heri liume moja kuliko yote. Na watu wa Mombo, kule chini kwenye joto na vumbi lao, wakawa wanapandisha maneno kwa kila lori: milimani kuna kabichi tu, wanaume hakuna.

Ndipo Tobia alipofungua mdomo.

Alikuwa na miaka thelathini na sita na kazi yake ilikuwa kupasua mbao. Msumeno wa shimo una watu wawili. Mmoja anasimama juu ya gogo, anaona msitu, anaona wapita njia, anasalimiwa. Mwingine yuko shimoni, anavuta, na unga wa mbao unamwagikia usoni kutwa nzima. Tobia alikuwa mtu wa chini. Kwa miaka kumi na mitatu alipasua magogo ya miti ya mikulo katika msitu wa Magamba akiwa shimoni, na wapita njia walimsalimia mwenzake, wakamuuliza mwenzake habari za kazi, wakaenda zao. Ujanani aliwahi kupigana mara tano kwenye shamba la mkonge kule Korogwe. Alishinda tatu, zile mbili hakuzitaja. Mikono alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba nyuma ya mikono hapakuwa na mtu wa kutosha.

Refa alikuwa Mwalimu Yonathani, mtu wa Tanga, mwenye filimbi, fulana nyeupe na kijitabu cha sheria alichokitembeza kama pasi ya kusafiria. Akatangaza kwamba akikuta tofauti ya uzito imezidi ratili kumi na tano, pambano halipo, hata mkuu wa wilaya akilia. Kamati ikazunguka mji mzima kutafuta mizani ya kupima watu. Ya hospitali ilikuwa mbovu. Ikabaki moja tu, ile ya ghala la ushirika iliyopimia viazi na karoti, na karani wa mizani hiyo alikuwa Nikodemo.

Hapa inafaa kusema kidogo habari za Nikodemo na mawe. Mkulima wa milimani ni mcha Mungu, lakini akiona gunia lake la viazi limepungua, Mungu humwangalia kidogo halafu hugeuka pembeni, na mawe mawili matatu huingia chini. Kazi ya Nikodemo ilikuwa kuyatoa. Aliyekamatwa, jina lake lilisomwa kwenye mkutano wa ushirika mbele ya wanachama wote. Mwaka wa sitini na nne Nikodemo alilisoma jina la mjomba wake mwenyewe, na mjomba hakumsemesha tena mpaka anaingia kaburini. Tangu hapo watu walimheshimu, au walimwogopa. Yeye hakuona tofauti, mradi walinyamaza alipopita.

Alasiri ya tarehe sita ghala lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya karoti. Winchi alipanda kwanza, kifua wazi katika baridi ile ya Julai, mizani ikalia. Ratili mia moja sabini na moja. Halafu akaja Tobia, amevaa koti zito la jeshi alilolinunua mnadani, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakuna aliyemwambia alivue, maana ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya ghala na refa mwenyewe alikuwa amejifunga blanketi.

Tobia alipopanda, pindo la koti liligonga ukingo wa chuma. Likatoa mlio. Kok.

Watu wengine walisikia mlio tu. Nikodemo alisikia viazi vya mjomba wake. Akainua macho, akakutana na macho ya shemeji yake, na macho yale hayakumwomba kitu. Yalimtazama tu. Duniani kote mabondia hujinyima maji na kukimbia juani ili wapungue. Huyu, mtoto wa wakulima, alikuwa ameongeza.

Akisema, mume wa dada yake angevuliwa koti mbele ya watu wa Mombo. Asiposema, mume wa dada yake angepigwa mbele ya watu wa Mombo. Mshale ukatulia. Nikodemo akasoma alichokiona, na alichokiona kilikuwa kweli tupu ya mizani.

"Mia moja hamsini na saba."

Mwalimu Yonathani akaandika kitabuni. Ghala likashangilia. Nikodemo, aliyemjua Tobia akiwa na njaa na akiwa ameshiba, alijua kwamba hajawahi kuvuka mia moja thelathini na tisa. Ratili kumi na nane zilikuwa mawe.

Pambano lilikuwa la raundi sita, kwenye uwanja wa mpira, ulingo wa miti minne na kamba za mkonge. Raundi ya kwanza Winchi alicheka. Ya pili alimwangusha Tobia, na Tobia akainuka akiwa na majani mdomoni. Ya tatu alimwangusha tena. Ya nne Tobia alimpiga konde moja la tumbo lililomfanya Winchi akae chini kama mtu aliyeitwa kula, na uwanja ukapiga kelele mpaka mbuzi wa mnadani wakakata kamba. Kwaya ya Walutheri ikaanza kuimba bila kuombwa. Nikodemo alijikuta naye anapiga kelele, kisha akajisikia anapiga kelele, akanyamaza.

Baada ya hapo Winchi hakucheka tena. Raundi ya tano ngumi zilimpata Tobia upande wa kushoto wa uso, moja baada ya moja, kama mtu anayepigilia misumari, akaanguka mara ya tatu. Akainuka. Wakakumbatiana kwa uchovu, Winchi akamnyanyua kidogo ili amsukume, na hapo uso wa Winchi ukabadilika. Raundi ya sita yote alirusha ngumi hewani, akimzunguka Tobia kama mtu anayezunguka tope. Kengele ikalia, refa akainua mkono wa Winchi, na watu wakambeba Tobia.

Mshindi alibaki peke yake akivua glavu kwa meno. Akamfuata Nikodemo nyuma ya jukwaa.

"Ndugu karani, mizani yako inataka fundi."

Nikodemo akasema mizani haina kasoro.

"Miaka tisa napakia mizigo," Issa alisema, bila kupandisha sauti. "Kitu nikikishika mara moja najua ratili zake. Yule hafiki mia arobaini. Mimi nilipanda huku kupigana, mkaniletea mtu wa kumwonea. Sasa kushinda kwangu nikakuwekee wapi?"

Akaenda kupanda lori.  Nikodemo hakuwahi kufikiri kwamba katika jambo hili mkubwa naye angeweza kudhulumiwa.

Nyumbani kwa Tobia watu walimiminika wiki nzima. Wengine walileta sukari kama kwa mgonjwa, wengine kuku kama kwa mwenye sherehe. Mchungaji alikuja akasali sala ndefu, na mpaka anasema amina hakuna aliyejua kama alikuwa anashukuru au anatubu kwa niaba ya mwenye nyumba. Siku ya nne Raheli alimvuta kaka yake nyuma ya jiko, akaanza kwa Kishambaa, kwa kuwa mambo ya uchungu hayatoki vizuri kwa lugha ya mikutanoni, kisha akamalizia kwa Kiswahili:

"Kaka, huyu ananiambia pole, yule hongera, mwingine zote mbili kwa pumzi moja. Mimi nimefiwa au nimezaa?"

Nikodemo akasema ajibu asante tu, inaingia kote. Raheli akamwangalia kama anavyoangaliwa mtu mjinga aliyesoma.

Lakini mambo ya Tobia yalinyooka, au yalionekana hivyo. Wazee waliokuwa hawamjui jina wakawa wanamngoja njiani. Watoto wakampa shikamoo wakiwa mbali, mapema, wasije wakapitwa. Na kule Magamba, mwenzake wa miaka kumi na mitatu akamwachia nafasi ya juu ya gogo, kwa hiari yake, akaingia shimoni mwenyewe. Halafu, mwezi haujaisha, ikaja barua ya Mwalimu Yonathani kutoka Tanga. Kwa kuwa kitabu kinaonyesha ratili mia moja hamsini na saba, Tobia anaalikwa mwisho wa Agosti kupigana na bondia wa bandarini mwenye ratili mia moja sitini. Tobia aliisoma ameishika upande wa kulia wa uso, karibu na sikio, na akakubali siku ileile.

Nikodemo alipanda Magamba Jumatano. Alikwenda kumwomba shemeji yake akatae, na njiani alikuwa amepanga maneno mazuri. Alipofika akakuta mbao zimepangwa kando ya shimo, akainua mmoja, na maneno yakamtoka kichwani. Mtu wa juu ndiye anayefuata mstari uliochorwa kwenye gogo. Wa chini anavuta tu. Ubao ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi. Uliofuata vilevile. Mwenzake Tobia alikuwa shimoni, unga wa mbao umemjaa nywele, hasemi kitu, maana utamwambiaje shujaa kwamba anaharibu magogo?

"Shemeji," Nikodemo alisema, "mstari unauona?"

"Naona miwili. Nafuata wa kulia."

Tobia alishuka, wakaenda kukaa mbali kidogo. Jicho la kushoto halikuwa na uvimbe tena. Lilikuwa zuri kabisa, ila lilitazama pembeni kidogo ya mtu. Nikodemo akamwambia atamwandikia mwalimu uzito wake wa kweli, leo, na hiyo Tanga haitakuwapo.

Tobia akapangusa unga wa mbao magotini.

"Kumbe uliyasikia mawe."

"Niliyasikia."

"Nilijua. Ule unyamavu wako ndio ulioniinua mara zote tatu, shemeji. Nilisema moyoni, Nikodemo, aliyemsoma mjomba wake, ameniona mimi ni wa kupigana."

Nikodemo angeweza kuliacha hivyo hivyo. Mtu mwenye busara angeliacha. Lakini alikuwa karani wa mizani, na ugonjwa huo hauna dawa.

"Sikunyamaza kwa hilo," akasema. "Niliona aibu. Watu walikuwa wengi."

Tobia akainama, akaokota ganda la mti, akalivunja vipande vidogo vidogo.

"Barua andika," alisema. "Hilo la pili ungebaki nalo."

Barua ilikuwa fupi: uzito wa Tobia ni ratili mia moja thelathini na tisa, alipimwa na mawe, na karani alijua. Tanga wakafuta pambano. Kwenye mkutano wa ushirika wa mwezi huo Nikodemo akasoma majina ya waliokamatwa na mawe, matatu, kisha akasoma la kwake, na akaketi. Hakuna aliyejua afanye nini. Mmoja alipiga makofi, akagundua yuko peke yake, akajifanya anaua mbu, ingawa Lushoto mwezi wa Agosti haina mbu.

Basi mji ukagawanyika. Vilabuni walisema mia thelathini na tisa kwa mia sabini na moja, na akamkalisha chini, huyo ni simba. Wengine wakasema simba gani wa kubeba mawe, huyo ni mwizi wa mizani kama wezi wengine, tena kajiibia macho yake mwenyewe. Wapo waliosema ushujaa ni wa mtu aliye peke yake, mwenye mke na watoto wanne huo unaitwa ukatili. Nikodemo alizisikia zote, na kila moja alipoisikia aliona ina haki. Akijaribu kumheshimu Tobia, aliona ule ubao. Akijaribu kumlaumu, alimwona akiinuka na majani mdomoni. Mizani ya namna hiyo hakuwahi kufundishwa kuisoma.

Mganga wa hospitali akaandika cheti: jicho litazamwe Tanga, upesi. Asubuhi ya Jumatatu Nikodemo aliwasindikiza stendi, yeye na Raheli wakimshika Tobia mkono kila mmoja upande wake, kwa sababu ngazi ya basi alikuwa anaiona mara mbili. Vijana wawili wa sokoni walikuwa wameegemea ukuta. Mmoja akatoa mikono mfukoni, akasimama wima.

"Shikamoo, Mzee Mawe."

Uso wa kijana haukuwa na kicheko. Haukuwa na heshima pia, au labda ulikuwa nayo. Nikodemo akamgeukia Raheli, na Raheli akamwangalia yeye.

"Marahaba," Tobia akajibu, akigeukia upande ambao kijana hakuwapo, kisha akapapasa mlango wa basi, akaupata, akapanda.

Nauli ya Lushoto hadi Tanga ilikuwa shilingi tisa; hesabu hiyo, angalau, Nikodemo aliweza kuisoma.