Gemu Ambamo Wachimbaji Walikufa Wote

Nina ukumbi wa gemu Kahama, nyuma ya stendi. Ukumbi ni neno la heshima tu. Ni chumba kimoja chenye televisheni tatu, mabenchi mawili na feni inayozunguka pale inapojisikia. Wateja wangu wengi huja kucheza mpira. Wanasukumana, wanataniana, na kila anayefungwa anaisingizia pedi. Kwa miaka miwili niliishi vizuri na kelele hizo, na ningeendelea kuishi nazo kama nisingeingiwa na tamaa ya kuleta kitu kipya.

Kitu kipya kilikuwa gemu la kutisha, yale yanayokwenda kama sinema: unatazama kidogo, unacheza kidogo, na kila baada ya muda linasimama na kukuuliza ufanye nini. Vijana watano wa Kizungu wanaingia kwenye mgodi ulioachwa, katika nchi yenye theluji. Ndani kuna kitu kinachokula watu. Kazi yako ni kuhakikisha wanatoka hai wengi iwezekanavyo, na ukichelewa kuchagua, gemu linakuchagulia kifo. Maandishi yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo mimi na elimu yangu ya kidato cha nne tulisimama pembeni tukitafsiri kwa sauti, mstari kwa mstari.

Nilichosahau ni kwamba nusu ya wateja wangu ni wachimbaji wadogo, au watu wanaokula kwa jasho la wachimbaji wadogo. Kuwawekea watu hao mgodi wa kuigiza ilikuwa kujitafutia balaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Maoni yalianza kabla hata mtu hajafa. Mwendesha karasha, yaani ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ni bwana mwenye vumbi kwenye nyusi hata siku za sikukuu. Alipoiona njia ya kwanza ya chini ya ardhi aliomba tusimamishe. Alitaka kujua ni nani aliyepiga matimba yale. Magogo ya kushikilia paa, alisema, yamepishana mno, na mtu mwenye akili zake asingeingia pale hata kwa kufukuzwa na mkewe. Nikamweleza kwamba labda ndiyo sababu mgodi uliachwa. Akasema basi watoto hao wanastahili yote yatakayowapata.

Mfanyabiashara wa ng'ombe, mzee wa Kisukuma anayekuja kupumzisha miguu baada ya mnada, alikuwa na hoja nyingine. Mwanzoni kabisa vijana wale wanamkuta mzee mlinzi getini, na hakuna hata mmoja anayempa shikamoo. Wanampita tu, wanacheka. Mzee wangu wa ng'ombe alisubiri mpaka wa kwanza alipoliwa, kisha akasema kwamba yeye haoni ajabu yoyote. Mama lishe wa jirani, aliyeingia kufuata vikombe vyake, alitazama dakika tano akatoa yake: tangu asubuhi hawajala. Wanakimbia na matumbo matupu, alisema, watafika wapi. Akakusanya vikombe akaondoka.

Lakini kilichowamaliza hasa ni ukuta. Kuna mahali njia inakuwa nyembamba na kile kitu kinafuata nyuma, na ukutani waliotengeneza gemu wamechora mkanda wa jiwe jeupe unaopita katikati ya mwamba. Nadhani waliuchora kwa urembo tu. Mwendesha karasha ndiye aliyekuwa na pedi. Alimgeuza msichana wa watu, akamulika tochi, akamsogeza karibu. Benchi zima likainama mbele. Mmoja akasema mkanda unashuka kushoto. Mwingine akasema kwa unene ule, na mwamba wa pembeni ukiwa na kutu namna ile, hapo kuna mali. Nikawakumbusha kuwa kuna mnyama. Wakaniambia ningoje kwanza. Msichana aliliwa akiwa anakagua jiwe, na aliyemfuata aliliwa palepale, maana walitaka kujua mkanda unaishia wapi.

Nina hakika kwamba duniani kote hakuna watu waliokufa mahali pale kwa sababu hiyo. Nililithibitisha mwenyewe. Niliingia mtandaoni, kwenye ukurasa ambako wachezaji wa nchi mbalimbali huandika maoni yao, nikasoma mengi. Wapo waliolalamika kwamba midomo ya wahusika haiendani na maneno. Wapo waliosema hadithi inajikokota na mnyama anaonekana mapema mno. Mmoja aliandika aya sita juu ya theluji. Matimba hayakutajwa na mtu.

Nilipowasimulia wateja wangu, waliniagiza niandike na ya kwao. Nikaandika kwa Kiingereza changu kwamba wachezaji wa Kahama wameona yafuatayo: magogo yamewekwa vibaya, mzee hakuamkiwa, dhahabu imeachwa ukutani, na watu hawajala. Tukatoa nyota moja. Mtu wa mbali akajibu kwamba hayo ndiyo maoni bora aliyowahi kusoma, akaweka na vile vikaragosi vya kucheka. Mwendesha karasha aliumia. Alisema hakutoa maoni ili achekwe, alitoa ili warekebishe.

Kulikuwa na hoja ya tano ambayo waliniagiza niiandike na mimi sikuiandika. Niliwaambia nafasi imejaa.

Sehemu ya mwisho ya gemu, ambako tuliwafikisha wote watano kwa kurudia kila palipofia mtu, mawe yanashuka. Mmoja wa vijana anabaki chini, miguu imebanwa, kamba kiunoni. Mwenzake yuko juu yake ameshika ncha ya pili ya kamba. Mnyama anasikika anakuja. Hapo gemu linasimama na kukupa sekunde kumi: ukae, au uondoke.

Wachimbaji hawakungoja hata nitafsiri. Walibonyeza kukaa. Mnyama akaja, wakafa wote. Wakaanza upya, wakabonyeza kukaa, wakafa tena. Niliwaeleza kwamba gemu limetengenezwa hivyo, kwamba ukikubali kumwacha mmoja wanapona wanne. Waliniangalia kama nimetukana ukweni. Mwendesha karasha hakuwa na shida na kufa. Shida yake ilikuwa kwamba mle ndani hakuna kitufe cha kuita. Alikitafuta kwenye pedi nzima, vitufe vyote, vya mbele na vya chini.

Alichokitafuta kinajulikana na kila aliyewahi kulala machimboni. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likishuka na mtu akabaki chini, kazi inasimama kambi nzima. Watu wanakaa mdomoni mwa shimo. Wengine wanachimba kumfuata, na wasiochimba wanamwita kwa zamu, mmoja mmoja, ili ajue nani na nani wapo. Hata uliyegombana naye anakuja kuita. Hakuna anayeondoka mpaka mtu atolewe, awe mzima au vinginevyo. Hiyo ndiyo hoja ya tano waliyotaka iwafikie waliotengeneza gemu: kwamba hao vijana wao hawajui kuita.

Mimi nilikuwa nikibonyeza kuondoka. Nilianza nikiwa peke yangu, mchana, wateja hawajaja. Wanne wakatoka kwenye theluji wakiwa hai, muziki ukapigwa, nikazima haraka. Siku nyingine mfanyabiashara wa ng'ombe akanikuta, na habari ikaenea. Tangu hapo wakawa wakifika penye kamba wananipa pedi na kugeuza nyuso pembeni, kisha wanageuka kuhesabu waliopona. Walisema nina kipaji cha kuokoa watu. Nilicheka nao, na aibu yake nilikuwa naisikia mpaka masikioni.

Maana kabla ya kuwa mwenye ukumbi nilikuwa mchimbaji, kwenye machimbo madogo mbele ya Geita. Nilikuwa na mwenzangu. Tulichimba pamoja misimu mitatu, na siku za mapumziko alinichukua kwake, kijijini karibu na Ushirombo, ambako mkewe alitupikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga na kunicheka ninavyokula. Siku duara letu liliposhuka yeye alikuwa chini na mimi nilikuwa kwenye ngazi ya kati, nimeshika kamba. Kamba ilikaza. Aliniita mara moja. Mawe mengine yakaanza kuachia juu yangu, nikaiachia kamba, nikapanda.

Nje watu walikuwa wanakuja mbio kuelekea shimoni. Nikawaambia yuko chini, nikawapisha, nikaendelea kutembea. Nilipanda bodaboda nikiwa na udongo mwili mzima, kisha basi. Nilifika Kahama nikabadilisha laini ya simu. Baadaye kabisa nilisikia kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu kwamba alitolewa kesho yake, mzima, mguu umevunjika. Nilifurahi kweli. Kisha nikaogopa kuliko mwanzo, kwa sababu marehemu angekaa kimya huko aliko, lakini mtu mzima angeweza kuingia mlangoni kwangu siku yoyote.

Aliingia Jumapili moja, baada ya misa ya pili, ukumbi umejaa. Alikuwa anachechemea. Alisema mwadila, salamu ya Kisukuma ya kuanzia adhuhuri, kwa watu wote, na benchi likamwitikia. Mimi niliitikia nikiangalia waya wa feni. Akasema amesikia huko Geita kwamba Kahama kuna ukumbi wenye gemu la mgodi, na mwenye ukumbi ni hodari, kila siku anaokoa wanne. Akaomba acheze hilo.

Wakampisha. Nilitafsiri kama kawaida. Alilalamikia matimba. Alipofika penye ukuta alisimama, akamulika mkanda mweupe, akauinamia, na wateja wangu wakamzunguka kwa furaha kama wamempata ndugu. Akaliwa. Wakamsifu kwamba ameuona mkanda vizuri kuliko wote. Mwendesha karasha alimsogezea nafasi nzuri ya kunyoosha mguu, akamuuliza aliumia wapi. Akajibu, kazini.

Kisha mawe yakashuka kwenye televisheni na kamba ikakaza. Akanyoosha mkono, akaniwekea pedi mapajani.

"Hapa cheza wewe, kaka," akasema.

Sekunde kumi ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Niliona benchi likigeuza nyuso pembeni kama lilivyozoea. Nikabonyeza kukaa. Mnyama alikuja, akawala wote, na televisheni ikawa nyeusi. Walipogeuka kuwahesabu waliopona walikuta hakuna hata mmoja, wakacheka sana, wakasema bingwa leo kapatikana. Mfanyabiashara wa ng'ombe alisema ni uzee.

Mgeni hakucheka. Aliomba tutoke nje kidogo, nikamfuata mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa mama lishe.

"Umeona?" akasema. "Ungekaa tungekufa wote wawili."

Maneno hayo nilikuwa nimeyatamani kwa zaidi ya miaka miwili, na nilipoyapata yalinikaa vizuri kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Nikamwambia nisamehe. Nililitamka kwa shida, ila nililitamka.

"Kuondoka sikulaumu," akasema. "Mawe yalikuwa yanashuka, hata mimi ningeondoka. Lakini waliniita mdomoni tangu alasiri mpaka kesho yake. Niliwajua wote kwa sauti. Hata yule mpishi niliyemwaga uji wake alikuja akaniita. Nikawa nasema, sauti ya huyu mwenzangu inakuja."

Nilizifikiria saa zile walizokuwa wakimwita. Wakati huo nilikuwa Kahama, kwenye nyumba ya wageni, naoga maji ya moto. Niliona kwa mara ya kwanza kosa langu lilikuwa lipi, na halikuwa lile nililokuwa nalirudia kila siku kwenye gemu. Njia ya kurudi ilikuwepo tangu jioni ile mpaka kesho yake, mabasi yalikuwepo, miguu yangu ilikuwa mizima. Machozi yalinitoka pale ukutani, mama lishe akiniangalia huku anamenya ndizi.

Mgeni akasema kuna jambo la pili, nalo ni kosa lake yeye. Alipofikishwa nyumbani na mguu wake, mkewe aliuliza mimi niko wapi. Alishindwa kumweleza. Akamwambia nilibaki chini, sikupatikana.

"Alilia sana," akasema. "Akakutolea misa Ushirombo. Padri alikutaja kwa jina, na mimi nimekaa pale mbele na magongo, nasikia."

Nikamuuliza tufanye nini sasa. Akasema hajui, ila amechoka na uongo huo kuliko mguu, na kila Novemba, mwezi wa marehemu wote, mkewe anataka kuniombea tena. Akasema niende nikamwone. Akaongeza kwamba niende mchana, jua likiwa kali, na nianze kuzungumza nikiwa mbali, ili asije akakimbia.

Jumamosi nakwenda. Nimenunua sukari na kitenge. Wateja nimewaambia ukumbi utafungwa, ninakwenda kumwona mgonjwa. Toka juzi najaribu sentensi ya kwanza ya kumwambia nikifika uani kwake, na kila ninayoipata haimfai mwanamke aliyeniombea raha ya milele huku mimi nikiuza dakika za gemu.