Upele wa Kanyangi

Asubuhi hiyo tulikuwa tunavuna ndengu. Binti yangu Mwende alikuwa ameketi juu ya gunia akitafuna ndengu mbichi, nami namkemea kwa mdomo tu, maana mvua ilikuwa imetukumbuka na sikuwa na hasira na mtu. Shamba letu liko nje ya Ikutha, upande wa porini, ambako wachungaji wa ngamia hupita kiangazi wakitafuta maji. Tulizoea kugombana nao kwa maneno.

Safari hiyo ngamia waliingia katikati ya ndengu. Mume wangu akaenda kuwafukuza na fimbo.

Nikasikia mlio mmoja wa bunduki, nikamwona akianguka.

Nilimbeba Mwende nikakimbia. Nilipogeuka, nyumba ilikuwa inawaka.

Tulipewa hifadhi katika kanisa moja Kanyangi, familia nyingi kwenye sakafu moja, tukigawana blanketi kama tulivyogawana uji. Upele haukukawia. Huanzia katikati ya vidole, na ukifika kiunoni hulali. Mama yangu, mzaliwa wa Matiliku, alinifundisha nikiwa msichana: chemsha majani ya mwarobaini, muoge wote siku moja, na kila nguo na blanketi ichemshwe kisha ianikwe juani. Ukisahau blanketi moja umefanya kazi ya bure. Nilizichemsha kwenye sufuria kubwa ya kanisa, kwa chuki. Kila nikikoroga nilikuwa nawaona wale wenye bunduki humo ndani, na niliongeza kuni.

Shemeji yangu Musyoka hakuwa na subira. Moto ulipowaka kwetu, kitu alichookoa ni chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ndivyo tulivyo huku. Mtu huokoa vitu vya ng'ombe hata kama ng'ombe wenyewe wameshachukuliwa. Siku moja nilitoka kwenda kuchuma majani, nikamwachia mtoto.

"Shemeji, hii inaua kupe," aliniambia niliporudi, chupa ikiwa mkononi. "Itashindwa aje na kadudu hata hakaonekani?"

Alikuwa ameshampaka Mwende mwili mzima, juu ya ngozi iliyochubuka kwa kujikuna.

Mtoto akaanza kutokwa na mate.

Macho yakageuka.

Hospitalini daktari aliuliza tulimpaka nini. Tulipomwambia, alimfunika Mwende shuka hadi usoni.

Mpaka leo Musyoka hanitazami usoni. Simlaumu. Aliyetufukuza kwenye ndengu zetu ndiye aliyempaka mtoto wangu sumu; mkono wa Musyoka ulitumiwa tu.

Miaka imepita. Nimerudi Ikutha, nalima palepale. Pasta anahubiri msamaha kila Jumapili, nami nasema amina kama wengine, huku moyoni namwomba Mungu anisogezee karibu mmoja wa wale wenye bunduki.

Wiki iliyopita alinisogezea mwanamke. Mumewe analisha ngamia ng'ambo ya mto. Hawakuwa wale, najua; walihamia huku juzijuzi. Alikuwa na binti mgongoni, vidole vimejaa vipele.

"Mama, nimeambiwa wewe unajua dawa," alisema. "Huyu halali kabisa. Nisaidie."

Nilimtazama yule mtoto. Alikuwa rika la Mwende wangu, na alikuwa anajikuna bila kulia, kama mtu aliyechoka.

Nikamchumia mwarobaini, nusu gunia. Nikamweleza namna ya kuchemsha, auache upoe, amwoshe nao jioni. Alinishukuru sana. Alitaka kunipa maziwa, nikayakataa.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Sikumwambia habari ya blanketi. Mtoto wake atajikuna mwezi huu, na ujao pia, na yeye atakesha akimpuliza vidole. Najua hilo halilingani na langu hata kidogo. Yeye ana mtoto wa kukesha naye.