Maksai Aliyeondoka na Transfoma Yangu

Nyie, leo transfoma yangu imetembezwa mitaa ya Katumba na maksai.

Nimemaliza kuunda pawa saplai ya kulisha umeme spika za kwaya, transfoma ikiwa ndani yake, na wanakwaya wako sebuleni kwangu wanaisubiri. Fyuzi nimeweka. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme ukivuja, nimeukaza kwenye boksi la bati, nikaupeleka nje kwenye nondo niliyoipigilia ardhini. Usalama kwanza.

Jirani yangu Mzee Masanja kapita na maksai wake. Kaiona nondo, kamfunga hapo, kaingia kutusalimia.

(Kwake chuma chochote kilichosimama ardhini ni cha kufungia ng'ombe.)

Maksai kaona mahindi ya watu, kang'oa nondo. Plagi ikachomoka ukutani, boksi likatoka mlangoni, kwaya nzima nyuma yake.

Mzee kaniangalia kwa masikitiko.

"Mwanangu, ng'ombe wa mtu hafungiwi redio bila kuuliza."

Nikamwomba msamaha.

Mpaka sasa sielewi kwa nini.