Sekunde Nne za Mwanangu

Kwenye kipindi cha kumuaga yule mtangazaji wa Kiingereza, mwanangu anaonekana sekunde nne. Nimezihesabu kwenye simu, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwanza anatokea mtangazaji mwenyewe, bado kijana mwenye nywele nyingi, nyuma yake vifaru vya vita. Kisha yuko kwenye tetemeko, kwenye njaa, kwenye ikulu ya mtu. Miaka yake yote ya kazi imepangwa juu ya mlio wa kinanda. Halafu ufukwe wetu wa Ujiji. Mtoto wa kike mwenye gauni la njano anatembea kuelekea majini, analipungia ziwa mkono, anageuka kututazama. Sauti ya mzee yule inasema ziwa lilimchukua mtoto huyu.

Mtoto huyu yuko hapa. Ana miaka saba. Anakula mihogo na kumwaga chai.

Mwaka ule ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za chini za Kasingirima. Binti wa jirani yangu, wa umri mmoja na mwanangu, aliteleza kwenye uchochoro ambao juzi yake ulikuwa njia kavu, akafa maji. Siku chache baadaye akaja yule mzungu na mpiga picha wake. Mimi nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza changu kinatembea, nikachukuliwa kutafsiri.

Alikuwa mpole, lazima niseme. Alimwamkia shikamoo kila mtu, hata watoto, wakacheka mpaka wakakaa chini. Kwa jirani alivua viatu bila kuambiwa. Akanieleza kwamba amefanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa, na kila alikokwenda msiba ulikuwa mkubwa mno kueleweka na mtu aliyekaa sebuleni kwake akitazama televisheni. "Kwa hiyo natafuta sura moja," alisema. "Mwoneshe mtu sura moja, ataelewa mafuriko yote."

Sura haikuwepo. Kwa jirani yangu ni desturi, mtu akifa picha zake zinatolewa ukutani na kufungiwa sandukuni, asibaki anawatazama. Mzungu alinituma nimbembeleze mara mbili. "Mwambie sanduku halifunguliwi," jirani alijibu. Nikamwambia.

Mchana huo mpiga picha akaniuliza kama mwanangu anaweza kutembea kidogo ufukweni. Picha za kujazia tu, alisema. Nikasema sawa. Sikuuliza zinajazia nini. Kosa hilo ni langu, nalibeba mwenyewe. Wakamrudisha mara tatu: tembea, punga, geuka. Mara ya tatu mwanangu akaniuliza, "Mama, nampungia nani?"

Majini hapakuwa na mtu.

Wiki hiyo kipande cha taarifa yake kikafika kwenye simu zetu. Watu wakaja kunipa pole, wakamkuta marehemu anaruka kamba. "Wee mzimu, njoo nikutume dukani!" wakamtania. Nilicheka na mimi. Jirani hakucheka. Aliniomba nimrushie kile kipande, nikamrushia, nikidhani anataka tukasirike pamoja.

Kesho yake saa kumi jioni alikuja na uji kwenye kikombe cha bati cha mwanawe. Akamnywesha wangu, akamfuta mdomo, akaondoka. Siku iliyofuata akaleta gauni.

"Dada, huyu ana nguo," nikasema.

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa. "Wametangaza dunia nzima, mdogo wangu. Wote wale wakosee?"

Mwanangu akaanza kuusubiri ule uji. Saa kumi ikikaribia ananyamaza, anakaa kizingitini, uso kwa jirani. Siku moja nilimwita mara nne, yuko hatua mbili kutoka kwangu, hakugeuka. Jirani akaita kutoka uani kwake, sauti ya chini, jina la marehemu.

"Abee, mama," mwanangu akaitika.

Nilimwandikia yule mzungu. Matusi niliyafuta, nikabakiza haya: mwanangu yu hai, mtoeni. Alijibu vizuri sana. Anasikitika. Anastaafu. Alidhani watazamaji wataelewa kwamba mtoto yule ni mfano tu. Atawaeleza kituoni. Mwezi uliofuata ndipo kikatoka kipindi cha kumuaga, na sekunde nne zilezile. Mfano! Mtu mzima, amezunguka vita vyote vya dunia, hajui kwamba mtoto ana mwenyewe? Angechukua wake basi, akamtembeze mtoni kwao, amwite maiti.

Nikamshika mwanangu mkono, tukaingia kwa jirani.

"Shikamoo dada. Leo unafungua sanduku."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Alifungua. Nikaitafuta picha mwenyewe chini ya kanga, nikamwekea mikononi. Alikuwa yule yule, pengo la meno mawili, mtandio umeteleza nyuma ya kichwa, ule uso uliokuwa ukichungulia jikoni kwangu kila nikikaanga mandazi. Jirani aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama muda mrefu.

"Mzuri," akasema. "Wa nani huyu?"

Mwanangu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ni mimi."

Jirani akatabasamu, akatikisa kichwa, akanirudishia picha. "Kampe mama yake," akaniambia. "Atakuwa anaitafuta."

Nilifungasha siku hiyohiyo. Sasa tunaishi Katubuka, chumba kisichoona ziwa. Picha ile nimeitundika ukutani, na wanaojua desturi wakiingia wananuna. Wanune. Kila asubuhi, kabla ya shule, namsimamisha mwanangu mbele yake.

"Huyu nani?"

"Rafiki yangu. Alikufa maji."

"Na wewe?"

Siku nyingi anajibu haraka.