Mtoto Mpole wa Ghorofa ya Nne

Binti yangu alikuwa na miezi tisa nilipojua kwamba hasikii. Nasema nilijua, sisemi nilishuku, kwa sababu nimechoka kujitetea. Nilijua siku ile ile, mchana, jikoni kwetu Kinoo, na nikanyamaza.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimemkalisha sakafuni juu ya leso, nyuma yake kuna rafu ya vyombo, nami nakoroga uji wa wimbi. Sufuria kubwa, ile ya kuchemshia maharagwe, ikateleza ikaanguka pamoja na kifuniko chake, hatua moja tu kutoka mgongoni pake. Mwiko ulinitoka mkononi. Jirani wa juu aligonga sakafu yake kulalamika. Binti yangu alikuwa akibandua karatasi ya chupa ya mafuta ya kujipaka, na aliendelea kubandua. Hakushtuka, hakugeuka, hata bega halikucheza. Kifuniko kilizunguka sakafuni weee, mpaka kikatulia, nami bado nimesimama nikitazama kisogo chake.

Nikajiambia mtoto huyu ana makini. Akiwa na jambo lake, hasumbuliwi.

Lazima nieleze nilikuwa nani katika nyumba ile. Mke wangu anafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja mjini. Saa kumi na mbili asubuhi yuko barabarani. Mimi nilikuwa karani mahali palipofungwa, na likizo yake ya uzazi ilipokwisha tukakubaliana nibaki na mtoto. Watu wa plotini, wapangaji wenzetu, walilipokea jambo hilo kama sinema ya bure. Nikiteremka uani na beseni la nepi, mtunza jengo ananisalimia, "Niaje, mama watoto?" halafu anacheka mpaka anakohoa. Mama mkwe hakuniambia kitu, maana kwao magharibi mama hamsemeshi mkwewe ovyo. Alimwambia binti yake kwa simu, na simu ilikuwa imefunguliwa sauti nzima: "Mwanaume atamjulia mtoto wapi, mama? Huyo atamsahau kwa moto."

Nina hasira za karibu, sikatai. Siku hiyo niliapa kwamba mtoto huyo nitamlea mpaka wao wenyewe waje kuniuliza wa kwao wamleeje. Na nilijitahidi. Nilijua kufunga nepi kwa mkono mmoja, nilijua uji wa moto kiasi gani anaukubali, nilijua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Kwa hiyo ningeanzaje kusema kwamba kuna kitu sikukijua, au kwamba nilikijua?

Kilichonimaliza zaidi ni sifa. Nyuma ya jengo letu kuna kanisa la mabati lenye spika kubwa kuliko waumini wake. Kila siku saa nane mchana, wakati watoto wa jengo zima wamelala, mwuza dawa ya wadudu hupita chini ya madirisha na kipaza sauti chake: panya, mende, kunguni, viroboto. Watoto huamka wakilia, ghorofa kwa ghorofa, na mama zao hutukana kutoka madirishani. Wangu alilala. Alilala na mdomo wazi, jasho kwenye paji la uso, huku kile kipaza sauti kikitangaza kunguni chini ya dirisha lake.

"Wee, huyu wenu ni mpole aje?" mama wa mlango wa pili aliniuliza. "Niazime hata wiki moja tu."

Nilicheka naye. Kisha nikaingia ndani nikafunga mlango, nikakaa kitandani nikimtazama mtoto akilala.

Nikaanza kumpima kwa siri. Nilitikisa funguo nyuma ya kichwa chake. Nilipiga makofi. Nilipunguza sauti ya televisheni kidogo kidogo wakati wa katuni, mpaka ikawa bubu kabisa, na yeye akaendelea kucheka pale pale alipocheka jana. Wakati mwingine aligeuka, nami nikamrukia kwa busu, kisha nikagundua kwamba kivuli changu kilikuwa kimepita ukutani mbele yake. Kila jaribio aliloshinda nilitafuta kilichomsaidia, na kila mara nilikipata. Baada ya muda niliacha kutafuta.

Halafu akaanza kunyamaza. Alikuwa akisema ba-ba-ba tangu akiwa na miezi sita, na mimi nilikuwa nimejitwalia neno hilo bila aibu. Alipokaribia mwaka, zile ba-ba-ba zikapungua. Zikawa za asubuhi tu, kisha siku mbili bila hata moja, kisha ikabaki sauti nyembamba ya kooni aliyoitoa akinyoosha mkono kutaka kitu. Mke wangu alisema watoto wengine huchelewa, dada yake alisema neno la kwanza akiwa na miaka miwili. Nikaitikia haraka sana. Nikanunua redio ndogo nikawa naiwasha kutwa nzima, kwa sababu nyumba ilikuwa inanitisha.

Sasa nieleze habari ya goti, maana ndilo lililonifikisha mahali nilipofika.

Alipenda kukaa juu ya paja langu, uso wake mbele, mgongo wake kifuani pangu. Mtu akipiga hodi, naliinua goti kidogo, tunageuka wote wawili kutazama mlango. Kengele ya mwuza maziwa, goti. Simu ikilia mezani, goti. Ulikuwa mchezo tu mwanzoni, naapa. Lakini mtoto si mjinga, na huyu alikuwa na akili mara mbili ya wengine. Kufikia miezi kumi na miwili nilikuwa nikigusa tu kwa paja, hata jicho la mtu haliwezi kuona, naye anageuza kichwa na kutafuta kilichopo. Wageni wakija waliona mtoto anayesikia hodi kabla ya wao kuibisha. Na mimi nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma leo, kwamba nilifurahi kweli.

Mtu mmoja tu hakudanganyika. Ghorofa ya kwanza aliishi mama mmoja wa Mombasa, mumewe akifundisha madrasa mjini. Yeye pia alishinda nyumbani, kwa hiyo tulikuwa tukikutana kwenye ngazi. Siku moja binti yangu, aliyekuwa ameanza kutembea, alikuwa ameshika ukuta wa baraza lake ametupa mgongo. Mama yule akamwita, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa sauti kubwa. Kisha akanitazama.

"Baba, nisikufiche. Mwana huyu yuwasikia?"

"Anasikia vizuri sana."

"Nimemwita mara tatu nawe u papa hapa. Mpelekeni akatizamwe. Si aibu, ni mwana tu."

"Mama, wewe ni daktari?"

Alivuta mtandio wake mbele, akaniambia nisamehe, akaingia ndani. Tangu siku hiyo nilikuwa nikisikiliza kwenye ngazi mpaka mlango wake ufungwe ndipo niteremke. Nilimchukia mwanamke wa watu kwa sababu alisema kwa sauti kile nilichokuwa nikijiambia kila siku mchana.

Kamba za kuanikia nguo ziko uani, karibu na lango. Alhamisi moja ya mvua za vuli jua lilitoka asubuhi, nikashuka mbio na beseni. Mtoto alikuwa miguuni pangu. Nikaanika shuka moja, ile kubwa ya kitanda, na nilipoisogeza hakuwepo. Alikuwa ametembea mpaka katikati ya njia ya magari, amechuchumaa juu ya kifuniko cha chupa, na lori la maji lilikuwa linaingia kinyumenyume, likipiga ile milio yake ya tahadhari.

Nilimwita. Niliita jina lake kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Madirisha yalifunguka mpaka juu kabisa. Mtunza jengo alitoka kibandani mwake bila kiatu kimoja. Utingo akapiga bodi ya lori kwa kofi, dereva akakanyaga breki, mwuza mboga wa ng'ambo ya barabara akasimama. Jengo lote lilinisikia isipokuwa yeye. Lori lilisimama umbali ambao nisingependa kuupima, na binti yangu akaokota kifuniko chake, akainuka, akageuka kunionyesha, anatabasamu.

Nilimbeba mpaka juu. Mama wa Mombasa alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono kichwani, na safari hii hakusema neno kwangu.

Alimwambia mke wangu. Alimngoja langoni jioni ile, na mke wangu akaingia ndani na viatu vyake vya kazini, mkoba bado begani.

"Mbona naambiwa mtoto karibu akanyagwe na lori? Na eti hasikii? Hasikii nini?"

"Huyo mama ana maneno mingi."

"Sijakuuliza kuhusu yeye. Kaa hapo hivyo hivyo, nimwite."

Mtoto alikuwa juu ya paja langu, mahali pake pa siku zote. Mke wangu alirudi nyuma mpaka mlango wa chumba cha kulala, akasubiri, kisha akaita. Naweza kusema goti lilisogea lenyewe. Nimejaribu kulisema hivyo mara nyingi, na huenda kwa nusu ni kweli. Lakini ile nusu nyingine ni mimi, mtu mzima, niliyeona lori lile asubuhi na bado nikainua goti.

Binti yangu akageuka, akamwona mama yake, akacheka.

Mke wangu akaketi chini palepale akaanza kulia kwa furaha. "Huyo mama karibu aniue na presha," akasema. Akamwita tena, na tena, na kila mara mtoto akageuka. Sikuwahi kujiogopa kama nilivyojiogopa jioni ile. Nilipika wali, nusu nikauunguza, na mke wangu akanitania kwamba hata mimi lori limenitia kiwewe. Kisha akasema, huku akimlisha mtoto, "Lakini Jumamosi tutampeleka apimwe. Nataka karatasi. Nimfunge huyo mama mdomo."

Nilikuwa na Ijumaa nzima ya kusema. Nilifua, nilipika, nilimwogesha mtoto, na mke wangu alipopiga simu saa saba kuuliza tumekula nini nilimjibu, ugali na mboga.

Hospitali ilikuwa Parklands. Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kuta zimepigwa zulia, na mlango ulipofungwa kelele zote za mji zilikatika ghafla. Nikafikiri, labda hapa ndipo binti yangu anapoishi. Mpimaji alikuwa msichana mwenye miwani, mpole, akatueleza kwamba sauti itatoka kulia au kushoto, na mtoto akigeukia upande wa sauti, doli lililo ndani ya sanduku litawaka taa.

"Baba, wewe kaa naye hapo katikati. Mama utakaa pembeni."

Sauti ya kwanza ilitoka kulia, nyembamba. Paja langu la kulia likacheza. Mtoto akageuka, doli likawaka, akafurahi. Mke wangu akanikonyeza. Ya pili, kushoto, akageuka. Ya tatu haikuja. Nilisubiri, nikainua macho, nikaona mpimaji nyuma ya kioo hamtazami mtoto. Alikuwa anatazama chini, kwenye miguu yangu.

Akatoka, akasimama mbele yangu.

"Baba, usimsaidie."

"Simsaidii."

"Sawa. Hebu mpe mama ambebe."

Nilimpa. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha pembeni, mikono juu ya magoti. Sauti ikatoka, mtoto akawa anachezea vifungo vya mamake. Ikaongezwa. Ikaongezwa tena, mpaka mke wangu akakunja uso, mpaka nikaisikia mbavuni. Mtoto hakugeuka kulia wala kushoto. Aliinua uso akanitafuta mimi ng'ambo ya chumba, akanitazama kwa subira, akingoja nimwambie.

Mpimaji alizima mashine. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti karibu na mke wangu, akaongea naye taratibu. Alisema kuna vipimo vingine vya kufanya. Alisema kuna vifaa, kuna lugha ya alama, kuna watoto wengi tu wanaoendelea vizuri. "Kitu kimoja tu, mama. Hii miezi ya mwanzo ndiyo ubongo unashika lugha. Kwa watoto kama hawa tunapenda kuwapata mapema, kwa sababu kila mwezi una maana."

Mke wangu alisikiliza akitikisa kichwa. Hakulia. Alimweka mtoto vizuri begani, akamfunika mgongo kwa kiganja, kisha akanigeukia. Hakuniuliza kama nilijua.

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu Alhamisi. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Tangu akiwa na miezi tisa," nikasema.

Alinitazama. Midomo yake ilisogea polepole akihesabu.

"Miezi saba," akasema. "Na ana kumi na sita."