Mkanda Nilioupitisha

Mdogo wangu aliponiita nikatazame injini, nilikuwa nimembeba mwanawe mchanga mgongoni. Nilikuwa nimetoka Louisville kwa basi kuja Buffalo, hukuhuku Marekani, kumsaidia mkewe baada ya kujifungua, na wiki hiyohiyo tulikuwa tunajiandaa kwenda Columbus, ambako kitinda mimba wetu alikuwa anaolewa. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2015. Gereji aliyopanga karibu na barabara ya Bailey ilikuwa na joto kama tanuri.

Gari lilikuwa jekundu, la Kiitaliano, la viti viwili, limemzidi umri yeye mwenyewe. Aliachiwa na mzee mmoja aliyekuwa akimhudumia nyumbani, kumwogesha na kumlisha, mpaka mzee alipohamia makao ya wazee akasema hataki gari lake liende kwa mtu asiyemjua. Majira ya baridi mdogo wangu hakuliendesha kabisa, kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani. Siku ya mvua pia hakuliendesha. Kazini alikwenda na gari jingine. Hili lilitoka Jumapili chache baada ya ibada, likazunguka mitaa ya East Side, likarudi kufunikwa. Nilimcheka, lakini nilimwelewa. Katika kambi ya wakimbizi tulikokulia Tanzania, kila tulichokuwa nacho tulikipata kwa sababu tulikihitaji: ndoo, turubai, blanketi. Gari lile lilikuwa kitu chake cha kwanza ambacho hakukihitaji.

Alikuwa amefungua kifuniko cha plastiki mbele ya injini. Ndani ulionekana mkanda mweusi wenye meno, ule wa taimingi, unaofungamanisha sehemu ya chini ya injini na ya juu ili pistoni zikipanda valvu ziwe zimekwisha kupisha. Ukikatika, zinagongana.

"Kitabu cha gari kinasema ubadilishwe kila miaka mitano," alisema. "Hata kama gari halijatembea. Mzee hakumbuki aliubadilisha lini."

"Na tangu hapo limetembea sana?"

"Hapana. Kidogo tu."

"Sasa unabadilisha nini?"

"Raba inazeeka, dada. Ndivyo kinavyosema."

"Hicho kitabu kimewahi kusaga mahindi?"

Mkewe, aliyekuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, aliangua kicheko. "Mwache wifi yangu! Huyo kasaga mpaka mawe ya Kigoma."

Ni kweli nilisaga. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita, na mwenye mashine ya kusaga kambini akanichukua. Huko nikajifunza mikanda. Mkanda wa mashine hufa kwa kazi: huanza kuachia nyuzi ukingoni, huteleza, hunuka. Tuliuminya kwa kidole gumba, tukaukunja, tukausugua kwa sabuni ya mche, ukaenda mwezi mwingine. Kutupa mkanda usio na jeraha ilikuwa dhambi. Hata kiwandani Louisville, mikanda inayosafirisha maboksi hubadilishwa ikichakaa. Mkanda uliochoka kwa kukaa bure sikuwahi kuuona, kwa sababu kwetu hapakuwa na mashine ya kukaa bure.

Nikauminya. Meno yote yalikuwepo. Sikuona ufa wala uzi.

"Mzima," nikasema. "Huu utatuzika sote."

Alinitazama, akakitazama kitabu, akakifunga. Kisha akarudisha kifuniko.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi. Bibi harusi alikuwa ameomba jambo moja tu: apelekwe kanisani na gari lile jekundu, kaka yake akiwa kwenye usukani. Mimi nilipanda hilo jekundu na mdogo wangu, na mkewe akatufuata na gari la familia, lenye watoto na nguo za harusi.

"Unasikia inavyoimba?" aliniuliza tulipokwisha kuipita Cleveland. Alikuwa akitabasamu kama mtoto aliyevalishwa viatu vipya.

Mkanda wa mashine ya kusaga hukatika kwa mlio wa kiboko. Huu haukupiga kelele. Injini ilikuwa inaimba, halafu haikuimba. Akaliongoza gari pembeni ya barabara, malori yakitupita na kutuyumbisha.

"Washa tena," nikasema.

Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo lakini hakuuzungusha. "Dada, kama ni mkanda, tukiwasha..."

"Washa tuone."

Akawasha. Starta ilizunguka upesi, kwa wepesi usio wa kawaida, na ndani vikagongana vyuma, kama vijiko kwenye sufuria. Akazima. Akaweka mikono juu ya mapaja, akatazama mbele.

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua. Alijua kule gerejini, na alijua pale barabarani. Mara zote mbili alinitii.

Gari lilikokotwa mpaka gereji moja ya Columbus. Bibi harusi alipouliza, "Kaka, gari liko wapi?" yeye alijibu, "Limechoka njiani. Si unawajua wazee?" Watu wakacheka. Akampeleka kanisani na gari la familia, biskuti za watoto zikiwa zimesagika chini ya miguu yao. Hakumwambia mtu lolote juu yangu. Mchungaji alinisimamisha mbele ya watu, akasema huyu ndiye baba na mama yao. Vikapigwa vigelegele. Mdogo wangu naye alipiga makofi, na mimi sikujua pa kuyaelekeza macho yangu.

Jumatatu fundi aliutoa mkanda akanipa mkononi. Meno yalikuwa yamenyofoka upande mmoja, kama punje kwenye gunzi. Niliukunja, ulikuwa mgumu kama gome. "Valvu zimepinda," fundi alisema. "Gari lisilotembea huwadanganya watu."

Nilirudi Louisville, kwenye chumba changu cha mtaa wa Newburg na zamu zangu za kiwandani. Baridi ilipoanza nilimpigia simu. Tuliongea habari za mtoto, za theluji, kisha nikamuuliza, "Kwa nini hukunibishia?"

"Dada, nilikubishia lini mimi?"

Alisema bila hasira, na ndiyo sababu sikulala vizuri siku nyingi. Alinibishia mara moja tu, akiwa na miaka minane, alipokataa kwenda bombani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimwambia: mimi sina tena wa kuniambia nimekosea, kwa hiyo usianze wewe. Nilitaka tu ndoo ijae.

Majira ya kuchipua nilikwenda tena Buffalo. Alikuwa amelirudisha gari, akapata kichwa cha injini kilichotumika, kile chenye valvu, akakifunga mwenyewe jioni baada ya jioni. Mkanda mpya ulikuwa umekwisha kuvishwa. Juu ya kifuniko alikuwa ameandika mwezi na mwaka kwa rangi nyeupe. Ilibaki kukaza boliti moja.

"Unaonaje, dada?"

"Kitabu kinasemaje?"

"Kinasema nikaze hapa, halafu baada ya miaka mitano niutoe, hata kama gari halijatoka humu ndani."

"Basi."

"Minya kidogo."

"Sitaminya. Kaza."

Lakini hakukaza. Alisimama na spana mkononi, mtu mzima mwenye ndevu, akinitazama usoni. Nikamwambia namsikia mtoto analia. Mtoto hakuwa akilia. Nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu, nikasimama kando ya barabara ya Bailey nikisikiliza.

Basi la kwanza likapita, na la pili. Ndipo nikaisikia spana ikikaza.